Njia ya Nakawa Yaanzia Kisekka

Alfajiri, jua lingali halijapanda juu ya minazi ya Likoni, meli ya magari huingia katika bandari ya Kilindini, Mombasa. Mtu asiyeizoea huenda akadhani ni ghala kubwa linaloelea: kuta zake zimesimama wima kutoka majini hadi juu, na madirisha yake ni machache tu, kule anakokaa nahodha. Ikishafungwa kamba gatini, mlango wake hushushwa polepole mpaka ukawa daraja kati ya meli na nchi kavu. Kwa kazi hii winchi haihitajiki. Madereva wa bandari huingia kwa miguu, mikono mitupu, na kutoka wameketi nyuma ya usukani. Hutoka gari la kwanza, kisha la kumi, kisha la mia, na kazi huendelea hadi uwanja ukajaa mabati yanayometameta.

Mengi ya magari hayo yametumiwa Japani kabla ya kuvuka bahari. Yamo magari madogo ya mjini, yamo mabasi ya abiria 14, na yamo malori ya kubebea mchanga. Lakini kila baada ya muda hutoka gari refu, jeusi, lenye viti vya ngozi na mapazia kwenye vioo vya nyuma. Gari hilo huenda lilimbeba mkurugenzi wa kampuni katika mitaa ya Tokyo. Mwaka ujao huenda likambeba mwalimu, karani, au sajini wa polisi na watoto wake. Na jambo linalowashangaza wengi ni kwamba bei yake mara nyingi hailizidi sana lile gari dogo lililotoka mbele yake, na pengine huwa chini.

Hapo ndipo tamaa inapoanza, na hapo ndipo hesabu inapopaswa kuanza. Je, mtu wa mshahara anaweza kuokoa fedha kwa kununua gari la anasa lililokwisha kutumiwa? Jibu halipatikani Kilindini. Lipo mwisho wa safari ya kilomita zinazokaribia 1,170, katika jiji la Kampala, na hata huko halipatikani mahali ambapo wanunuzi wengi hulitafuta.

KWA NINI JAPANI HUYAACHA

Si kweli kwamba Wajapani huuza magari kwa sababu yameharibika. Sheria yao ndiyo huwasukuma. Gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, na tangu hapo kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo, uitwao shaken, humgharimu mwenye gari fedha nyingi pamoja na matengenezo yanayohitajika ili gari lipite. Likipita umri wa miaka 13, gari la petroli huongezewa kodi. Kwa hiyo mwenye gari, anapoona tarehe ya ukaguzi inakaribia, huliuza akanunua jingine.

Magari hayo hupelekwa minadani. Kabla ya kuuzwa, mkaguzi hulizunguka gari na kujaza karatasi. Juu huandika alama: 5 au 4 na nusu kwa gari lililotunzwa sana, 4 kwa lililo zuri, 3 kwa lililochoka, na herufi R kwa lililowahi kugongwa kiunzi likatengenezwa. Chini huchora picha ya gari na kuweka vijiherufi: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipopigwa rangi upya. Huandika pia kilomita ambazo gari limekwenda. Karatasi hiyo ni cheti cha kuzaliwa cha pili. Mnunuzi mwenye busara huiomba, kisha huilinganisha na saa ya kilomita iliyomo garini. Saa ikionyesha kilomita chache kuliko karatasi, mazungumzo yameishia hapo.

Sasa, kwa nini gari la anasa hushuka bei upesi kuliko mengine? Mara nyingi hupoteza karibu nusu ya thamani yake katika miaka mitano ya kwanza. Sababu ni mbili. Wale wenye uwezo wa kulinunua hutaka jipya. Wale wasio na uwezo wa kununua jipya huogopa kulitunza la zamani. Mnunuzi wa tatu, aliye mbali, huona bei iliyoshuka na kufurahi kama aliyeokota fedha barabarani. Hajui kwamba bei hiyo imekwisha kuteremshwa na hofu ya watu wanaolijua gari lile vizuri kuliko yeye.

GATI MOJA, SHERIA MBILI

Katika uwanja wa Kilindini magari mawili yanaweza kusimama bega kwa bega, yamefanana rangi na umbo, lakini kila moja likawa chini ya sheria yake. Lile la kubaki Kenya haliruhusiwi kuwa na umri unaozidi miaka 8. Lile la kupita kwenda Uganda laweza kuwa kuukuu zaidi, kwa kuwa sheria ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2018 iliweka kikomo cha miaka 15 tangu gari kutengenezwa. Ndiyo maana gari la kifahari linaloonekana ghali katika yadi za Mombasa huonekana rahisi katika yadi za Kampala. Si kwamba Kampala ina huruma. Gari la Kampala huenda ni kaka yake mkubwa kwa miaka mitano au sita.

Hili ni jambo la kuandikwa kwenye daftari kabla ya jingine lolote: mwaka wa kutengenezwa. Mwaka wa kuandikishwa wa kwanza si lazima uwe sawa na mwaka wa kutengenezwa, na muuzaji aghalabu hutaja ule unaompendeza.

SAFARI YA KUPANDA

Baadhi ya magari hupakiwa juu ya malori marefu yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mengine huendeshwa na madereva wa kukodiwa, viti vikiwa bado vimefunikwa kwa nailoni. Safari yenyewe ni mtihani. Gari huondoka pwani katika joto zito, likapita Mariakani, Voi na Mtito Andei katika nyika ya Tsavo, likapanda polepole hadi Nairobi iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Baada ya Limuru ardhi hukatika ghafula, na Bonde la Ufa hufunguka chini ya macho. Hapo breki hutumika kwa kilomita nyingi mfululizo. Kisha Naivasha, kisha Nakuru, kisha kupanda tena kuelekea Timboroa, mahali ambapo reli ya zamani ya Uganda hufikia mita 2,783, kilele cha reli hiyo nzima.

Kwa gari lililotunzwa, safari hiyo ni matembezi. Kwa gari lililokaa uwanjani miezi mingi bila kuwashwa, lenye mipira iliyokauka na maji ya rejeta yaliyochakaa, ndipo ugonjwa wa kwanza huanzia. Rejeta huchemka, giaboksi hupata joto, na dereva wa kukodiwa, ambaye si mali yake, huongeza maji ya mtaro na kuendelea. Mnunuzi wa Kampala hatalijua hilo. Ataliona gari limeoshwa, limepigwa nta na kuwekewa kifuniko cha usukani. Fundi anayejua kazi huvuta kijiti cha oili ya giaboksi, huinusa, na kufungua kifuniko cha rejeta gari likiwa baridi. Oili yenye harufu ya kuungua na maji yenye rangi ya kutu husimulia safari kuliko muuzaji.

Malaba ni foleni ya malori. Baada ya kuvuka, mwamba wa Tororo husimama peke yake kama mlinzi. Kisha msitu wa Busitema, Iganga yenye vumbi na chapati moto, na Jinja, ambako tangu Oktoba mwaka 2018 magari hupita juu ya daraja jipya la Mto Nile lenye urefu wa mita 525, limening'inia kwa nyaya zinazoonekana kutoka mbali. Msitu wa Mabira hupoza injini. Mukono, Namanve, Kireka, Banda. Na hatimaye Nakawa.

NAKAWA

Nakawa iko upande wa mashariki wa Kampala, kando ya barabara ya Jinja. Huko na katika mitaa ya jirani zimo yadi nyingi ambazo wenyeji huziita bondi, kwa kuwa gari hukaa humo chini ya dhamana ya forodha mpaka ushuru wake ulipwe. Magari hupangwa kwa safu, pua zikitazama njia. Wauzaji huketi chini ya miavuli, na kila apitaye kwa mwendo wa polepole huitwa kwa cheo kikubwa kuliko alicho nacho.

Gari la fahari lina historia yake katika nchi hizi. Baada ya uhuru, Afrika Mashariki ilibuni kabila jipya, Wabenzi, yaani wakubwa waliojulikana kwa gari walilopanda kuliko kwa kazi waliyofanya. Uganda nayo, baada ya mwaka 1972, iliwaita matajiri wa ghafula mafuta mingi. Majina hayo yalikuwa ya dhihaka, lakini dhihaka haikuwazuia watu kutamani. Na si kosa kutamani. Kiti kizuri hupumzisha mgongo wa mtu aliyesimama kutwa barabarani akiongoza magari ya wengine. Kosa ni kutamani bila kalamu.

Jumamosi moja mume na mke walisimama mbele ya Benzi jeusi katika bondi mojawapo. Mume alikuwa sajini wa polisi, na fedha alizokuwa nazo zilikuwa za miaka 11 ya kuweka akiba katika chama cha askari. Akiba hiyo ilikuwa na kazi mbili: kununua gari, na kuezeka nyumba yao ya Iganga, iliyokuwa imefika kwenye lenta na kusimama hapo misimu miwili ya mvua. Bei ya Benzi ingemaliza karibu zote. Lakini Benzi lilikuwa Benzi, nalo liliuzwa kwa bei ya gari dogo lililoegeshwa pembeni yake.

“Karibu, afande. Karibu, mama,” muuzaji alisema, akafungua mlango wa nyuma kwanza. “Hili ni gari la mkubwa. Kaeni msikie.”

Waliketi. Mlango ulifungwa kwa sauti nzito kama ya kasha la benki. Mke alipapasa ngozi ya kiti, akatoka, akalizunguka gari lote bila kusema neno, kisha akainama mbele ya taa.

“Kaka,” alimwuliza muuzaji, “taa hii ikivunjwa na bodaboda, nyingine inauzwa kiasi gani?”

Muuzaji alicheka. “Mama, taa za Wajerumani hazivunjiki.”

Mke hakucheka. “Mwaka jana bodaboda alivunja taa ya gari la inspekta, jirani yetu. Kwa hiyo nauliza.”

Muuzaji alitaja injini, akataja redio, akataja kiyoyozi. Bei ya taa hakuitaja, kwa kuwa hakuijua. Mume aliona haya, na walipofika njiani alimwambia mkewe kwamba amemwaibisha mbele ya watu.

“Baba watoto,” mke alijibu, “sikukataa gari. Nimeuliza taa. Twende tukaulize panapojulikana.”

KISEKKA

Soko la Kisekka liko upande wa pili wa jiji, karibu na Nakivubo, chini ya kilima cha Old Kampala unakosimama mnara mrefu wa Msikiti wa Taifa. Gari la Kampala lisilowahi kupita mikononi mwa watu wa Kisekka ni nadra. Hapo huuzwa spea, kuanzia kijiskrubu cha kioo hadi injini nzima iliyofungwa kamba. Zipo pua nzima za magari zilizokatwa ng'ambo na kuletwa zikiwa na taa, boneti na rejeta pamoja, zimepangwa kama vichwa vya ng'ombe katika bucha.

Mtu akitembea humo kwa saa moja, akiwa na macho tu, atajifunza kuliko kwa kusoma matangazo ya mwezi mzima. Ahesabu pua. Pua za Toyota ni nyingi kupita zote: Premio, Harrier, Prado, Mark II na Mark X, na Crown. Kila duka lina kitu chake, na jirani akiuza ghali, wa pili yupo. Pua za magari ya Ulaya ni chache, na mwenye nazo hana sababu ya kupunguza bei, kwa kuwa anajua mnunuzi hana pengine pa kwenda.

Sajini na mkewe waliingia duka baada ya duka. Katika la nne walimkuta fundi mzee aliyekuwa akifungua taa juu ya gunia.

“Afande, hilo gari ulilotaja nalijua,” alisema. “Si gari baya. Ni gari la watu wenye gereji ya kampuni. Taa yake moja si taa tu. Ndani mna kisanduku cha umeme. Kikifa, taa yote imekufa. Bei yake unanunua taa mbili za Crown na chenji inabaki.”

“Na springi zake?” mke aliuliza.

“Mama, hilo la yadini, kama ni lile lenye mifuko ya hewa, halina springi. Mfuko ukitoboka, asubuhi unalikuta limepiga magoti kama ngamia. Mpya sina. Nikiagiza, utangoja.”

Fundi hakutia chumvi. Magari mengi ya fahari ya tangu mwisho wa miaka ya 1990, kwa mfano Mercedes-Benz S-Class iliyotoka mwaka 1998, na Range Rover iliyotoka baada ya mwaka 2001, yalijengwa juu ya mifuko ya hewa inayojazwa na pampu ya umeme. Ni raha kubwa kwenye lami. Lakini mpira huzeeka hata gari likisimama, na pampu inayojaza mfuko unaovuja huchoka upesi. Kadhalika E-Class iliyoanza mwaka 2002 ililetwa na breki zinazoendeshwa kwa umeme na kompyuta, na mwaka 2006 kampuni yenyewe ikaziacha katika gari hilo na kurudia breki za kawaida. Mnunuzi wa gari la mwaka 2003 ananunua pia zile breki, hata kama hajawahi kuzisikia.

Lakini asisemwe vibaya Mjerumani kwa jumla. Benzi la aina ya W123, lililotengenezwa kati ya mwaka 1976 na miaka ya kati ya 1980, kwa idadi inayokaribia milioni 2.7, lilipata heshima Afrika nzima kwa sababu halikuwa na kompyuta ya kuudhika. Lilikuwa na chuma kizuri, springi za kawaida, na injini ambayo fundi wa kijijini aliweza kuielewa. Anasa yake ilikuwa katika ubora wa kazi, si katika wingi wa vitufe. Funzo hilo linafaa hata leo: katika daraja lile lile la fahari, achaguliwe ndugu mwenye vitu vichache. Injini ndogo ya aina hiyo, springi za chuma, viti vya kitambaa. Kila kitufe kilichoongezwa ni deni linalosubiri siku yake.

Crown yenyewe si gari la kudharauliwa. Toyota ilianza kuitengeneza mwaka 1955, na kwa miongo mingi ndiyo iliyobeba wakubwa wa Japani. Harrier nayo, iliyotoka mwaka 1997, iliuzwa Marekani kwa jina la fahari la Lexus RX. Gari ni moja, majina mawili, na spea zake Kisekka huulizwa kwa jina la Harrier. Huko ndiko uokoaji wa kweli ulipo: fahari ambayo mafundi wa mtaani wamekwisha kuizoea.

Neno moja zaidi kuhusu Kisekka, na askari hawahitaji kuelezwa mara mbili. Kioo cha pembeni au taa inayouzwa gizani, bila duka na bila risiti, kwa bei ya kuchekesha, huenda usiku uliopita ilikuwa kwenye gari la jirani. Kuinunua ni kumlipa mwizi mshahara arudi kazini.

HESABU YA NYUMBANI

Jioni ile mume na mke waliketi mezani na daftari. Hesabu waliyoifanya inafaa kila nyumba.

Kwanza, ushuru. Bei nyingi za bondi hutajwa kabla ya ushuru, na swali la kwanza la mnunuzi liwe: je, hii ni pamoja na kodi? Gari ambalo thamani yake pamoja na nauli ya meli na bima ni shilingi milioni 10 hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, yaani milioni 2 na nusu. Juu ya jumla hiyo huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, yaani milioni 2 na 250,000. Kisha kodi ya zuio ya asilimia 6, yaani 600,000. Jumla ni milioni 5 na 350,000, kabla ya ada ya mazingira inayoyaelemea magari yaliyozeeka, na kabla ya usajili. Wala risiti ya bei ya chini haisaidii sana, kwa kuwa Mamlaka ya Mapato ina orodha yake ya thamani za magari yaliyotumika. Jina la fahari na injini kubwa huthaminiwa kwa fahari yake.

Pili, petroli. Gari zito la injini kubwa likienda kilomita 7 kwa lita mjini, na dogo likienda 14, basi kwa kilomita 1,000 za mwezi la kwanza litakunywa lita 143 na la pili lita 71. Kwa mwaka tofauti ni lita zinazozidi 850. Mnunuzi na azizidishe kwa bei ya kituo kilicho karibu na kambi yake.

Tatu, matengenezo ya mwanzo. Gari lililovuka bahari hudai oili zote mpya, chujio, plagi, maji ya rejeta, na mara nyingi betri na tairi. Kama injini yake hutumia mkanda wa taimingi, nao umekaribia kilomita 100,000, ubadilishwe bila kungoja. Mkanda ukikatika njiani, injini yaweza kwenda nao.

Nne, fungu la akiba. Hili ndilo hutenganisha aliyeokoa na aliyepoteza. Katika kila shilingi 100 zilizotengwa kwa gari, 70 zinunue gari na kulipa kodi zake, na 30 zibaki zimelala. Gari linalodai 100 zote, hata kama bei yake ni nusu ya ile iliyokuwa zamani, si rahisi. Bei hushuka kadiri gari linavyozeeka, lakini taa, pampu na giaboksi havijui kwamba gari limezeeka. Huuzwa kwa bei ya gari lililokuwa la mkurugenzi.

Hapo ndipo unafuu hugeuka hasara katika nyumba nyingi. Gari husimama nyuma ya kota, tairi zikapoteza upepo, kuku wakalala chini yake. Mwenye gari hawezi kulitengeneza, na kuliuza huona aibu, huku karo ya shule ikidaiwa. Mkopo wa chama bado unakatwa kwenye mshahara kila mwezi, kwa ajili ya gari lisilotembea.

KURUDI NAKAWA

Wiki iliyofuata sajini alirudi Nakawa na fundi, na daftari lenye kurasa mbili za bei za Kisekka: taa, kioo cha pembeni, shokamzoba, pampu ya maji, giaboksi iliyotumika. Alipita mbele ya Benzi jeusi, akalitazama, akaendelea. Kwenye safu ya nyuma palikuwa na Crown ya rangi ya fedha, viti vya kitambaa, injini ndogo katika daraja lake, karatasi ya mnada yenye alama 4. Fundi alilala chini yake kwa muda mrefu, akavuta kijiti cha oili, akanusa. Walisoma namba ya kiunzi na kuiandika, kwa kuwa katika magari ya Japani spea huagizwa kwa namba hiyo wala si kwa mwaka wala kwa rangi. Waliliendesha gari kwa nusu saa, katika foleni na mlimani, kiyoyozi kikiwa kimewashwa.

Walipatana. Fedha zilizobaki ziligawanywa mafungu mawili, la gari na la mabati.

Crown ile redio yake haishiki idhaa nyingi za Kampala, kwa kuwa masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76 na kuishia chini ya yale ya huku. Kila asubuhi inapowashwa, sauti ya mwanamke husema maneno ya Kijapani kuhusu kadi ya ushuru wa barabara ambayo haimo ndani yake. Watoto humwitikia. Mnamo Novemba bodaboda aliigonga taa ya kushoto katika mzunguko wa Jinja Road. Mke alifungua daftari, akasoma bei, akatoa fedha katika fungu lake, na kabla ya jua kuchwa taa nyingine ilikuwa imefungwa.

Nyumba ya Iganga iliezekwa kabla ya mvua za Machi. Wenzake kazini wakimwuliza sajini namna ya kupata gari zuri kwa bei ya chini, huwaambia wasianze Nakawa. Waanze Kisekka, waulize taa, ndipo warudi kutafuta gari.